Chuma cha Kupimia Popo

Mimi sijawahi kuwa mtu wa kutulia. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa nimeshachelewa mahali fulani, na mpaka leo chai yangu naimalizia nikiwa nimesimama. Wenzangu niliosoma nao sayansi Dar es Salaam walirudi kwao kufundisha kemia au kusimamia mashamba ya pamba, kazi ambazo mtu anaweza kumweleza mjomba wake akaelewa. Mimi nilirudi Moshi na begi la nyavu, chupa za spiriti na chuma kimoja chenye mataya mawili. Ukikibana juu ya mfupa kinakuonyesha urefu wake mpaka kipande kidogo kabisa cha milimita. Wasomi hukiita kalipa. Nyumbani kwetu kiliitwa chuma tu, kama vile hapakuwa na chuma kingine pale mlimani.

Ilikuwa miaka ile ya baada ya Azimio, kila mtu akitakiwa aeleze kazi yake inajengaje taifa. Balozi wetu wa nyumba kumi alinisimamisha njiani akaniuliza popo mmoja anatoa madebe mangapi ya mahindi. Nilimjibu kwamba popo hula wadudu wanaokula mahindi, jambo ambalo ni kweli, lakini si hilo lililonifanya niwapime. Niliwapima kwa sababu nilitaka kujua nani ni ndugu wa nani. Hilo sikumwambia, maana lilisikika kama anasa.

Kule chini tambarare, kwenye mapaa ya maghala na nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya miwa, walikaa popo wadogo wa kahawia. Huku juu mlimani, mapangoni, nako walikaa popo wadogo wa kahawia. Waliotangulia kuwaangalia walisema ni aina moja kwa kuwa rangi ni moja. Hoja hiyo ilinikera mpaka nikakosa usingizi. Mtu akivaa shati langu hawi ndugu yangu. Nikaanza kupima kigasha, yaani mkono kuanzia kiwiko, sikio, mguu na mkia, na kwa wale waliokufa nikapima fuvu: urefu wake, upana wake kati ya macho, safu ya meno. Kila popo akawa nukta moja kwenye karatasi ya miraba. Walio wa nasaba moja, nukta zao hukusanyika pamoja, na nasaba zilizo karibu hupakana.

Ndivyo vitabu vilivyosema. Nilipoingia kazini nikakuta umbo nalo hudanganya. Popo wanaotafuna mbawakavu wagumu hupanuka taya, wawe ndugu au wasiwe ndugu, kwa hiyo taya linakwambia habari za chakula wakati wewe umeuliza habari za babu. Ndiyo maana hupimi kitu kimoja, na hupimi mnyama mmoja. Unapima vingi, kwa wengi, wa pande zote mbili, na mwisho wa yote bado unaandika "huenda".

Pango langu la kwanza lilikuwa nyumbani kwetu, chini ya kihamba cha marehemu baba, shamba letu la ukoo la migomba na kahawa. Wazee walilichimba zamani za vita ili kuficha watoto na ng'ombe, na vita vilipokwisha popo wakahamia. Mlango wake ulikuwa katikati ya mibuni, unaingia umeinama. Mdogo wangu, mtoto pekee wa kiume wa mama, ndiye aliyenishikia taa. Mimi nilikaa juu ya jiwe pale mlangoni, penye mwanga wa asubuhi, yeye akiniletea popo mmoja mmoja, huku akiongea bila kupumua, habari za mpira, habari za wasichana, habari za trekta alilotamani kuliendesha. Alikuwa hatulii kama mimi. Kihamba kilimbana. Mwishowe akashuka tambarare, akapata kazi ya kuendesha trekta kwenye miwa, kambini pamoja na watu waliotoka kila mkoa, na Jumapili moja moja akapanda kututembelea na sukari iliyofungwa kwenye karatasi.

Kisha trela la miwa likapinduka. Tukamzika kwenye migomba, karibu na baba. Nalisema kwa ufupi kwa sababu kwa urefu siliwezi.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza pale alipokuja mwanamke mmoja na mtoto mgongoni. Alikuwa mwenyeji wa Singida. Alisema waliishi pamoja na mdogo wangu kule kambini, na huyu ni mtoto wake wa kiume. Hapakuwa pamepelekwa posa, hapakuwa na ndoa ya kanisani, na hakuna mtu mlimani aliyewahi kusikia habari zake. Alilisema neno lake mara moja, kwa Kiswahili maana Kichagga hakukijua, akakaa kwenye ncha ya benchi amebana magoti.

Mama akampa bakuli la mtori wa ndizi. Kisha akampokea mtoto, akamfunua kanga. Kwetu mtoto mchanga hukaguliwa na bibi zake: ndewe ya sikio, kidole cha pili cha mguu, jinsi nywele zinavyoishia kisogoni. Mama alimtazama muda mrefu sana. Akamfunika tena, asiseme kitu. Kimya kile kilinitoa nje, nikazunguka zizi mpaka ng'ombe akaacha kula akawa ananitazama mimi.

Kila mtu alijua kilichokuwa mezani ingawa hakuna aliyekitaja. Mdogo wangu alikuwa ndiye mrithi wa kihamba. Kama ameacha mtoto, kihamba ni cha mtoto. Kama hakuacha, kingekwenda kwa wana wa baba mkubwa, na mama angebaki pale kwa hisani yao. Na yule mwanamke angeshuka alikotoka, ambako chumba chake kambini kilikuwa kimeshapewa dereva mwingine.

Ukoo ukakaa Jumapili baada ya ibada, uani kwetu, na mbege, pombe yetu ya ndizi. Aliyeongoza alikuwa baba mkubwa, kaka wa baba, mtu wa sauti ya chini ambaye sijawahi kumsikia akirudia jambo. Mtoto akapitishwa mikono. Mmoja akasema sikio ni la kwetu. Mwingine akasema sikio sawa, lakini pua ni ya Singida. Wakabishana juu ya kidole cha mguu kwa bidii ambayo ningependa wangeitumia kurekebisha mfereji wa maji. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa wanawake, mguu wangu ukichezacheza wenyewe, na ndipo baba mkubwa akanigeukia. Alisema ukoo haukunisomesha bure. Wameniona miezi yote ile nikipima popo ili nijue yupi ni ndugu wa yupi. Mtoto ni rahisi kuliko popo, haumi. Nikalete chuma.

Watu walicheka kidogo. Yeye hakucheka.

Nikaingia chumbani nikakichukua. Hakuna mtu pale uani aliyetaka kujua kuliko mimi. Aliyekufa alikuwa mdogo wangu, na kama ndani ya ile kanga kulikuwa na chochote chake kilichobaki duniani, nilitaka nikione, nikishike, nikisome kwa milimita. Nilisimama nikikifungua na kukifunga kile chuma. Nilijua pia kwamba namba yoyote nitakayoitaja haitakuwa na maana, na kwamba wataiamini. Ningeweza kubana sikio la mtoto, nikatamka tarakimu, nikasema ni wetu, yakaisha. Lakini kesho mtu angeleta mtoto mwingine, au mke ambaye hamtaki tena, na chuma kingekuwa kimeshazoea.

Ndipo nikakumbuka kanuni ya kazi, ile ya kwanza kabisa ambayo hata mwanafunzi mvivu huijua. Nikatoka nayo.

"Baba mkubwa," nikasema, "kinda hapimwi."

Nikawaeleza. Ukimshika popo unanyoosha bawa lake mbele ya taa na kutazama maungio ya vidole. Kama mwanga unapenya pale kwenye maungio, huyo ni kinda, mfupa haujafunga. Unamwachia aende zake. Ukimpima utaandika uongo, kwa sababu mwili wake haujamaliza kusema. Sikio litakua, uso utarefuka. Baba mkubwa akauliza binadamu hukomaa lini. Nikasema mpaka aote ndevu. Akauliza, na mpaka hapo?

"Mpaka hapo anakaa na kundi lililomkuta," nikasema haraka, kabla woga haujanifikia.

Baba mkubwa alimaliza kata yake ya mbege. Kisha akasema mtoto akae, atapimwa akiota ndevu. Wakakubali, maana ndevu zilikuwa mbali na pombe ilikuwa bado ipo. Yule mwanamke hakuwa ameelewa, kwa sababu nusu ya maneno yalikuwa ya Kichagga. Nikamwambia atakaa. Akauliza mpaka lini. Nikamwambia mpaka mtoto awe mtu mzima. Akasema asante, halafu akaniuliza mundu wa kukatia majani ya ng'ombe unawekwa wapi.

Mimi nikaendelea na mbio zangu. Nilipima Chekereni, kwenye mapaa ya maghala. Nilipima kwenye makorongo ya kuelekea Holili, mpakani, ambako watu waliokuwa wakivusha sabuni waliniona na nyavu zangu wakadhani nami nina magendo yangu, wakanipa nafasi. Miaka ya uhaba ilipotukaba na spiriti ikakosekana, nilihifadhi popo ndani ya gongo. Balozi alichukizwa zaidi na hasara ile kuliko na uvunjaji wa sheria. Sikuolewa; mwanamume mmoja alijaribu kunichumbia, akanusa mkoba wangu, hakurudi tena. Mwishowe nikaandika niliyoyaona: kwamba popo wa mapaani na popo wa mapangoni huenda ni nasaba mbili, wala si ndugu wa karibu, pamoja na rangi yao yote. Neno "huenda" nimelitumia humo mpaka mwalimu wangu akanilalamikia.

Mtoto naye akakua. Alikata migomba, alisomba samadi, na Kichagga chake kikawa safi kuliko changu kilichochujuka mjini. Sokoni walisema anatembea kama marehemu. Nilikuwa nikisikia hivyo nakosa raha siku nzima. Mtoto hutembea kama waliomtangulia njiani, na njia yenyewe ilikuwa ile ile, mteremko ule ule, mzigo ule ule wa majani kichwani. Mlima humpa kila mtu mashavu ya miguu ya aina moja. Mwenyewe nilimtazama akila, akicheka, akifunga kamba ya mbuzi, namtafuta mdogo wangu, na kila nilipodhani nimempata nikajikumbusha habari za taya na mbawakavu.

Mama yake aliitunza ile mibuni. Macho ya mama yangu yalipoanza kufifia, yeye ndiye aliyemshika mkono kumpeleka kanisani, akamsindikiza mpaka hospitali kule Mawenzi na kulala naye huko sakafuni. Watu walimwita yule wa tambarare. Mimi nilimwita dada, kama unavyomwita mtu usiyemjua anayekuuzia nyanya.

Kisha siku moja nikaletewa ujumbe ofisini kwangu mjini. Ulitoka kwa baba mkubwa, nao ulikuwa mfupi: kijana ameota ndevu, njoo na chuma.

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimetumaini kwamba yeye amesahau, lakini deni la maneno kwa watu wa aina yake halifutiki. Nilishuka barabarani nikapanda kilima kwa miguu, nikibishana na nafsi yangu njia nzima, nikishindwa pande zote mbili. Nikikataa, watasema nilijua tangu mwanzo kwamba si wetu. Nikipima, nitakuwa mwongo wa vyovyote vile.

Uani watu walikuwa wamekwisha kukaa. Baba mkubwa alikuwa amesinyaa ndani ya koti lake. Mwanawe wa kwanza, ambaye mimi namwita kaka, alikuwa anazungumzia mahali pa kuchimbia nguzo za uzio, kama vile kihamba kimeshakuwa chake. Kijana alikalishwa kwenye kigoda katikati. Alikuwa amenyoa nywele zote, nadhani aliambiwa chuma kitapita hapo, na alinitazama machoni bila kupepesa. Mama alikuwa mlangoni na macho yake mabovu. Yule mwanamke alisimama upande wa jikoni, mikono ndani ya kanga.

Nikawaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, kisha nikasema nitapima. Nikasema kwanza niwaeleze jinsi kazi inavyofanyika, kwa sababu wameniita mimi na si mganga. Popo mmoja hasemi kitu. Ili nijue kama ni wa kundi fulani, lazima nilijue kwanza kundi lenyewe lilivyo, mdogo wake na mkubwa wake, mpaka wake unaishia wapi. Kwa hiyo nitaanza na ukoo. Wanaume wote waliopo, sikio, kigasha, upana wa kichwa, nafasi ya kati ya macho. Nitawaweka kwenye karatasi kila mtu na nukta yake, ndipo niweke nukta ya kijana. Ikiangukia ndani, yumo.

"Na yeyote mwingine ambaye nukta yake itaangukia nje," nikasema, "naye nitamtaja."

Nikakifungua chuma nikamwendea kaka, yule wa nguzo, nikamwomba avue kofia.

Hakuvua. Alimtazama baba yake. Mdogo wake akawa anakagua vidole vyake mwenyewe kana kwamba amevipata leo. Mzee mmoja akakumbuka ng'ombe wake hajanywa maji. Upande wa jikoni akina mama wakashikwa na kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa. Lakini nilikuwa nimeshaanza, nikaona nisiishie njiani. Nikamgeukia baba mkubwa nikamwambia basi tuanze na shina.

Yule mzee akainua mkono akaziba sikio lake. Alilifunika lote kwa kiganja, kama mtoto anayeogopa kukatwa nywele.

"Mimi nilikwisha kupimwa," akasema.

Akatueleza, kwa sauti ile ile ya chini. Alikuwa mdogo, hajabatizwa, alipokuja Mzungu mmoja na wasaidizi wake wakawapanga watoto juani, wamevuliwa nguo. Chuma kama hiki kilipita nyuma ya sikio, chini ya pua, juu ya utosi. Mmoja akiita namba, mwingine anaandika. Walipomaliza wakaondoka, na watoto hawakuambiwa kitu. Yeye alirudi nyumbani akiamini kwamba wameona jambo kichwani mwake, jambo baya, na amengoja maisha yake yote aambiwe ni nini. Hakuwahi kumsimulia mtu, hata mkewe. Aliponiona nimerudi na chuma kile alifurahi, akadhani mimi nitajua.

Nilimwambia sijui, baba mkubwa. Nikamwambia nadhani hawakuona chochote.

Mkono wake ulikuwa bado sikioni. Halafu akasema niweke chuma changu. Akawageukia wanawe, akawaambia kwa Kichagga kwamba kihamba ni cha kijana, na asisikie tena habari za nguzo. Akaagiza mbege.

Basi pakachangamka. Watu waliosalimika kupimwa huongea kwa sauti kubwa. Mama alikuwa analia pale mlangoni, kilio cha raha, na mimi nikajisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu siku ya trela. Lakini kijana hakuinuka kwenye kigoda. Watu walipokuwa wanampa mkono aliwapa kwa adabu, kisha akanifuata kwenye mibuni nilikokwenda kuvuta pumzi, na nikaona kwamba amekasirika.

Akaniuliza mbona sikumpima. Nikaanza kumrudishia maelezo, habari za kundi na nukta. Akanikatiza, akasema ameyaelewa, yeye si mjinga. Nikamwambia kwa upole kwamba kama anataka kujua, chuma hakitamsaidia, bora amwulize mama yake.

Akasema alikwisha kumwuliza zamani, akiwa darasa la pili, siku aliyochokozwa shuleni. Mama yake alilia. Alimwambia mwanawe kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza kumwuliza.

"Na alikujibu nini?"

"Alinijibu kwamba baba yangu ni yeye, mdogo wako. Mimi sina wasiwasi, Shangazi. Nilitaka mnipime ninyi, muone wenyewe, ili mumwombe msamaha."

Alirudi kwa wageni, maana sasa walikuwa wageni wake, na mimi nikabaki nimeshika mti wa kahawa. Masikio yote yale tuliyoyatazama, vidole, pua, visogo, na mwenye habari alikuwa amekaa kwenye benchi letu tangu siku ya kwanza, amebana magoti.

Nikateremka kumtafuta. Hakuwa jikoni. Mbege ilikuwa inanywewa, uamuzi umetolewa, na yeye alikuwa ameshachukua mundu akaenda chini ya migomba kukata majani ya ng'ombe wa jioni. Nilimkuta ameinama, amenipa mgongo.

"Wifi," nikamwita.

Akaendelea kukata. Nikamwita tena, kwa sauti zaidi. Alikusanya fungu, akalifunga kwa ganda la mgomba, akaliweka kando na kushika jingine. Hakugeuka. Hakujua kwamba ni yeye anayeitwa.